Kangomba ya nyimbo

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu msikilizaji, juma lililopita alinijia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Masasi, kijana wa miaka ishirini na miwili. Kwetu kusini, uwe Mmakua, Myao au Mmakonde, jambo zito la kijana haliishi mpaka mjomba atie neno. Basi alipokwisha kuamkia na kuketi, akatoa bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na karatasi kumi na moja, zote za Kiingereza.

"Mjomba," akasema, "wamenipa siku saba nitie sahihi. Wananichukua kwenye lebo."

Mpwa wangu huyu anaimba muziki ambao zamani magazeti yetu yaliuita wa kufokafoka. Yeye anauita hip hop. Nikamuuliza kama amezisoma karatasi hizo. Akajibu kuwa amesoma ule ukurasa wa kwanza wenye jina lake, na ule wa mwisho wenye nafasi ya sahihi.

"Na katikati?"

"Katikati, mjomba, si ndiyo nimekuletea."

Nikamuuliza wamemwahidi nini. Akataja chumba hapa mjini, kodi ya mwaka mzima; simu mpya; nguo za kuonekania kwenye video; na nyimbo sita za kuanzia, gharama juu yao. Alipokuwa akiyataja hayo, macho yake yaling'aa. Mimi nikasikia neno moja tu likigonga kichwani mwangu. Neno hilo ni kangomba.

Ninyi wasikilizaji wa mijini huenda neno hilo mmelisikia kwenye taarifa ya habari likapita. Nalieleza kwa ufupi. Mkorosho wa Masasi na Newala huanza kuvunwa mwezi wa Oktoba hivi. Lakini mkulima hali korosho. Mwezi wa pili au wa tatu ghala lake tupu, ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa. Hapo ndipo anapotokea mwungwana mmoja mwenye fedha mkononi. Anampa mkulima fedha leo, na malipo yake ni korosho za msimu ujao. Pengine mkorosho haujatoa hata ua. Tuseme amempa shilingi elfu moja kwa kila kilo. Msimu ukifika, mnadani kilo inauzwa elfu tatu. Mkulima anasimama chini ya mkorosho alioupanda babu yake, anaokota korosho kwa mikono yake, lakini korosho si zake. Hiyo ndiyo kangomba.

Nimekuja kugundua kwamba historia yote ya nyumba za muziki wa vijana katika nchi hii inaweza kuelezwa kwa neno hilo moja. Naomba tufuatane polepole.

Zamani sana mwanamuziki wetu alirekodi Redio Tanzania. Studio ilikuwa ya serikali, kanda ilikuwa ya serikali, na bendi ilikuwa ya shirika la umma au ya jumuiya. Wimbo ulipendwa nchi nzima, na mtunzi alirudi nyumbani na sifa. Swali la nani mwenye wimbo halikuulizwa, maana hapakuwa na soko la kuuliza.

Miaka ya 1990 mambo yakageuka. Mwaka 1991 kijana Saleh Jabir alichukua midundo ya Wamarekani akaipigia maneno ya Kiswahili, watu wakashangaa kwamba kumbe inawezekana. Mwaka 1993 likaja kundi la Kwanza Unit, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya utangazaji iliyofungua mlango kwa redio za watu binafsi. Radio One ikaingia hewani mwaka 1994. Zikazaliwa studio: Don Bosco, kisha MJ ya Master Jay, kisha Bongo Records ya P-Funk, ambaye vijana wanamwita Majani.

Hiyo Bongo Records ndiyo nyumba ambayo wengi wakitajiwa hip hop ya Tanzania wanaikumbuka kwanza. Mdundo wake ulikuwa mzito, wa kwake, haukukopwa Marekani. Humo walipita Juma Nature, Professor Jay, Albert Mangwea na wengine wengi. Maneno yao yalikuwa ya Temeke, ya Mbezi, ya daladala na ya foleni ya hospitali. Mzee aliyekuwa akiuita muziki huo wa wahuni alijikuta akitingisha kichwa.

Mwaka 2001 mimi nilikuwa Masasi. Daraja la Mkapa la pale Rufiji lilikuwa bado. Lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo basi lilivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika ikikolea, abiria mlilala njiani. Kwa hiyo wimbo mpya tuliusikia redioni leo, na kaseti yake ikatufikia baada ya majuma. Kejeli ni kwamba Rais wa nchi wakati ule alikuwa mtoto wa Lupaso, Masasi hapohapo, mzee Benjamin Mkapa.

Kaseti ikifika, zilifika mbili au tatu. Lakini stendi kulikuwa na kibanda chenye deki ya kudurufu. Kaseti moja halali iliingia asubuhi, na jioni zilitoka ishirini. Sisi tulinunua hizo ishirini. Sitajitenga, nami nilinunua. Baada ya mauzo ya korosho ndipo kibanda kile kilipojaa, kila kijana na redio yake begani. Mwaka ule ukipita barabara kuu ya Masasi, ulisikia "Machozi, Jasho na Damu" ya Professor Jay ikiimbwa kila kibaraza. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama senti yetu imemfikia yule aliyeimba.

Na hata ile kaseti halali, tusidanganyane. Utaratibu wa siku zile ulikuwa hivi. Msanii alilipia muda wa studio, au studio ilimkopesha. Kanda ikikamilika, aliipeleka kwa msambazaji Kariakoo. Msambazaji ama aliinunua moja kwa moja kwa fedha ya mara moja, ama aliahidi kiasi fulani kwa kila kaseti itakayouzwa. Lakini aliyezihesabu kaseti hizo ni nani? Ni yeye msambazaji. Msanii alipewa hesabu, na hesabu aliyopewa ndiyo hesabu. Mwaka 1999 Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ikazaliwa COSOTA. Lilikuwa jambo jema. Lakini sheria humsaidia mwenye karatasi, na vijana wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Walikuwa na kaseti na sifa.

Si ajabu basi kwamba baadhi yao walipopata umri walikimbilia siasa. Joseph Mbilinyi, ambaye alianza akiitwa 2-Proud na baadaye Sugu, aliingia Bungeni kwa Mbeya Mjini mwaka 2010. Joseph Haule, yaani Professor Jay mwenyewe, akaingia kwa Mikumi mwaka 2015. Watu hao walikuwa wamekwisha kuona jinsi jasho linavyobadilika kuwa mali ya mwingine.

Sasa tuje kwenye zama hizi. Kaseti ilikufa, msambazaji wa Kariakoo akafunga duka, wimbo ukahamia kwenye simu. Tungetegemea dalali afe pamoja na kaseti. La hasha, alibadili shati tu. Alirudi akiitwa lebo. Tena, kwa haki yake, alirudi na mengi mazuri. Lebo ya leo inamchukua kijana asiye na kitu, inampangia nyumba, inamvisha, inamtafutia mtunzi, inalipia video, inamtembeza redioni. Katika zote hizo iliyosikika zaidi ni WCB Wasafi ya Diamond Platnumz. Na msanii wa kwanza kusainiwa hapo, mwaka 2015, alikuwa kijana kutoka Chitoholi, Tandahimba, juu ya uwanda wetu wa Wamakonde. Anaitwa Rajab Abdul Kahali. Ninyi mnamfahamu kwa jina la Harmonize.

Kijana yule alikuja mjini kama walivyokuja wengi wetu, akafanya uchuuzi Kariakoo. Mwaka uleule wa 2015 wimbo wake wa "Aiyola" ukapendwa. Miaka minne baadaye, mwaka 2019, akaamua kutoka. Kwa maelezo yake mwenyewe, ili atoke alitakiwa alipe shilingi milioni mia tano, na akauza mali zake ili azipate.

Ndugu msikilizaji, tafakari jambo hilo. Mtu alilipa ili apate ruhusa ya kuimba kwa jina lake. Sisemi kwamba alionewa. Alikuwa ametia sahihi, na waliomkuza walikuwa wametumia fedha zao. Nasema tu kwamba ua lilikuwa limeuzwa zamani, na yeye alipotaka kuokota korosho zake ilibidi azinunue.

Alipotoka alifanya jambo ambalo sisi wa kusini hatutalisahau. Alianzisha lebo yake akaiita Konde. Huenda msikilizaji wa Dar es Salaam haoni uzito wa jina hilo. Kwa miaka mingi katika mji huu Mmakonde alikuwa mtu wa kutaniwa kwa chale zake na kwa lafudhi yake, mtu wa kulinda mageti usiku. Vijana wetu wengine walifikia kuficha kwao. Leo kijana anavaa fulana yenye jina hilo kifuani anatembea nayo Kinondoni kifua mbele. Dada yangu, ambaye hajui rapu ni mnyama gani, aliniambia kwenye simu, "Kaka, sasa tumetajwa." Sifa hiyo mpeni, ni stahiki yake.

Konde ikachukua vijana. Mwaka 2020 iliwachukua Ibraah, naye wa kusini, Country Boy ambaye ni mtu wa rapu hasa, kisha Killy na Cheed. Mwaka 2021 akaja Anjella. Ikawa nyumba kamili. Lakini kufikia mwisho wa mwaka 2022 wengi wa hao walikuwa wamekwisha kuondoka. Na mwezi wa Mei mwaka 2025, Ibraah alieleza hadharani kwamba ili aachiwe ametakiwa shilingi bilioni moja, hata akawaomba wananchi wamchangie. Jambo hilo likafika mpaka Baraza la Sanaa la Taifa.

Sitaki kuamua kesi ya watu. Upande wa lebo una hesabu zake, na msanii ana zake, na mimi sikuwapo walipoandikiana. Ninachotaka tuone ni mzunguko wenyewe. Aliyelipa mamia ya milioni ili atoke, baada ya miaka sita tu anasikika akidai ili mwingine atoke. Na wote wawili ni watoto wa kusini, wanaojua kangomba ni nini tangu wangali wanabebwa mgongoni. Basi ubaya hauko katika kabila wala katika roho ya mtu mmoja. Uko katika aina ya karatasi.

Hebu tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu, simsemi yeyote. Lebo imetumia kwa msanii milioni 40. Wamekubaliana kila pato ligawanywe, lebo asilimia 60, msanii 40. Na gharama zile zitarudishwa kutoka fungu la msanii. Msanii anapata onyesho la milioni tano. Lebo inachukua milioni tatu. Yake ni milioni mbili, nazo zinaingia kwenye deni. Atafanya maonyesho ishirini bila kushika hata shilingi. Siku anapomaliza deni, lebo imekwisha kupata milioni 60 za mgawo, na milioni 40 zake imerudishiwa. Na zile nyimbo zilizotengenezwa kwa fedha hizo, ambazo msanii amezilipia mpaka senti ya mwisho, bado ni mali ya lebo. Siku zote hizo ishirini yeye yuko jukwaani amevaa mkufu, na mama yake kijijini anaulizwa na majirani, "Mwanao mbona hatumi?"

Mwenye lebo ana jibu lake, na ni vema tulisikie. Atasema: katika vijana kumi ninaowalipia, wanane hawaiti. Nani ananirudishia za wale wanane? Ni kweli. Hata yule mwenye kangomba husema mvua ikikosekana yeye ndiye anayeumia. Tena bila mtu wa kutoa fedha kabla ya mavuno, kijana wa Chitoholi asingesikika hata Newala mjini. Kwa hiyo simwambii mpwa wangu akimbie kila lebo. Namwambia auze mavuno, asiuze mkorosho.

Tofauti hiyo si ndoto. Marekani, mwaka 1996, mwana hip hop mmoja wa New Orleans aitwaye Master P aliingia mkataba na kampuni ya Priority. Aliwakubalia wamsambazie kazi zake na wachukue mgawo wao. Lakini rekodi mama zilibaki zake yeye na lebo yake ya No Limit. Aliuza mavuno, mti ukabaki shambani kwake.

Nasi tusijidharau, tunao mfano wetu. Wakulima wa korosho wa Mtwara waliingia katika stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007. Korosho inapelekwa ghala la chama, inapimwa kwa mizani, mkulima anapewa karatasi yenye uzito na daraja, kisha bei inatajwa mnadani mbele ya watu. Utaratibu huo una kasoro, na malipo mara nyingine yalichelewa mpaka watu wakalia. Lakini mwezi wa Oktoba 2018, bei ilipotajwa mnadani huko Newala na Tandahimba, wakulima waliikataa kwa sauti moja. Waliweza kukataa kwa sababu korosho zilikuwa zao na karatasi wanayo. Yule aliyekwisha kuchukua fedha ya kangomba mwezi wa tatu hakuwa na mdomo wa kukataa bei yoyote siku ile.

Basi nilikaa na mpwa wangu mpaka saa sita za usiku, kamusi mezani, tukizisoma zile karatasi kumi na moja mstari kwa mstari. Mwisho nikamwandikia maswali manne awapelekee wenye lebo, nami nayasoma hapa kwa faida ya kila kijana na kila mjomba anayenisikiliza.

La kwanza: mkataba unaisha lini? Nataka tarehe na mwaka. Maneno kama "baada ya albamu tatu" si tarehe, maana albamu ya tatu inaweza kuchelewa miaka kumi kwa matakwa ya mmoja tu. La pili: rekodi ni ya nani, na ikiwa ni yenu, itarudi kwangu baada ya miaka mingapi? Na ukurasa wa YouTube wenye jina langu, neno la siri analo nani? La tatu: gharama mnazonidai nitaonyeshwa na risiti, kila baada ya miezi mingapi? La nne: nikitaka kutoka, nalipa kiasi gani? Kiasi hicho kiandikwe leo tukiwa tunacheka, si siku tutakapokuwa tumenuniana.

Kijana akaniangalia kwa wasiwasi. "Mjomba, nikiuliza yote haya si wataniacha?"

Nikamwambia, huenda wakakuacha. Mwenye kangomba naye humwacha mkulima anayeuliza mizani iko wapi, akaenda nyumba ya pili. Lakini nyumba zote zikiuliza mizani, ataileta.

Alikwenda Jumatatu. Jioni akanipigia simu. Maswali mawili wamemjibu vizuri, la tarehe na la risiti, na wamekubali kuyaandika. La rekodi wamesema watamwambia. La kutoka, mmoja wao alicheka akamuuliza, "Wewe hujaingia, unaulizia mlango wa kutokea?"

Nilimwambia amjibu kwa heshima kwamba kwao Masasi, fundi hajengi nyumba ya mlango mmoja. Siku saba zinakwisha kesho. Sahihi bado hajatia.

Ndugu msikilizaji, tukutane juma lijalo.